Anwani ya Bi Mwavita

Nchi yenyewe haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, lakini lilipelekwa kwenye tume ili liboreshwe, na tume haijamaliza vikao vyake. Basi wananchi huiita "nchi hii", na mambo yanakwenda. Ni nchi ya amani. Ina mawaziri sitini na wawili, ina bendera ya akiba kwa siku ambazo ile nyingine imepelekwa kufuliwa, na ina sheria inayotamka wazi kwamba hakuna raia asiye na makao. Siku sheria hiyo ilipopita, wabunge walipiga meza mpaka mbili zikavunjika, na tangu hapo watu wanaolala nje wakatoweka kabisa kwenye takwimu. Huko nje kwenyewe waliendelea kuwapo, lakini huko hakuna anayehesabu.

Bi Mwavita alikuwa mmoja wa waliotoweka. Mwaka mmoja kabla alikuwa mtu anayeonekana sana: mpika vitumbua wa Mtaa wa Mikoroshini, mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye sauti ya kuita wateja ikasikika mtaa wa pili. Mumewe, Chubwa, alikuwa seremala. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili vya udongo na bati, haina cha kujivunia isipokuwa mlango. Mlango huo Chubwa aliuchonga mwenyewe kwa mbao za mninga, ukamchukua miezi minne, na ulikuwa mzuri kuliko nyumba nzima. Watu walimtania kwamba amejenga nyumba ili mlango upate pa kuegemea. Kila siku kabla ya kulala aliuliza swali lile lile.

"Mama Sikitu, umefunga mlango?"

"Nimefunga, Baba Sikitu."

Sikitu alikuwa binti yao. Alikufa akiwa na miaka mitatu, lakini wao waliendelea kuitana kwa jina lake, ili pawe na mtu wa kulitaja.

Jumanne moja Chubwa alipata kiharusi, akapelekwa hospitali. Jumanne iliyofuata wakaja vijana na ndoo ya rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye milango yote ya Mikoroshini, ule wa mninga ukiwemo, kwa sababu Benki ya Kila Mja ilihitaji maegesho ya magari. Jumanne ya tatu likaja katapila. Bi Mwavita aliokoa mkeka, sufuria mbili, picha moja na ufunguo. Ufunguo wa nini tena? Hata yeye hakujua. Aliufunga kwenye pindo la kanga, akasimama kando, akautazama mlango ukianguka wa mwisho kabisa, ukiwa bado umefungwa.

Chubwa hakuambiwa. Mtu amelala, upande mmoja wa mwili wake hausogei, utaanzia wapi kumwambia?

* * *

Baada ya miezi mitatu madaktari walisema Chubwa amepona kiasi chake, anaweza kwenda nyumbani. Hapo karani wa wodi akachukua kalamu akauliza, "Nyumbani wapi?"

Bi Mwavita akamweleza. Karani alimsikiliza vizuri, kisha akaweka kalamu chini. Alisema hospitali haiwezi kuvunja sheria za nchi. Mgonjwa akitolewa wakati hana pa kwenda, atakuwa raia asiye na makao, na raia wa namna hiyo hawapo. Hospitali iko kwa ajili ya kuwaponya watu. Kuwafanya wasiwepo ni kazi ya ofisi nyingine.

Basi Chubwa akabaki wodini, mzima katikati ya wagonjwa. Leo anaambukizwa kikohozi cha kitanda cha kushoto, kesho homa ya kitanda cha kulia. Kila mkewe alipokwenda kumwona alimkuta amepungua kidogo. Na kila mara swali lilikuwa moja.

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Ufunguo uko wapi?"

Bi Mwavita alifungua pindo la kanga, akamwekea ufunguo kwenye kiganja kile chenye uhai. Chubwa aliupapasa, akatulia. "Nirudishe nyumbani, Mama Sikitu. Hapa watu wanakufa."

"Nitakurudisha. Nakamilisha jambo moja tu."

Jambo lenyewe lilikuwa chumba. Alikwisha kukipata, nyuma ya soko, kwa mjane mmoja aitwaye Bi Shani: kidogo, kikavu, dirisha moja. Angemwambia Chubwa kwamba wamehama kwa muda, paa linatengenezwa. Bi Shani alitaka kodi ya miezi sita mkononi, kama ilivyo desturi. Alimwambia, "Nitakushikia mpaka mwisho wa mwezi, dada yangu. Baada ya hapo nitaendelea kukupenda, lakini chumba nitakitoa."

Fedha zilikuwapo. Fidia ya nyumba iliyovunjwa ilikwisha kuidhinishwa, yatosha kodi ya miaka miwili. Ila katika nchi ile fidia hailipwi mkononi. Inapita kwenye akaunti, na benki ni moja.

* * *

Kuifikia benki hakukuwa na taabu, kwa maana Bi Mwavita alikuwa analala kwenye kibaraza chake. Alilala kwenye boksi la televisheni, chini ya nguzo ya tatu kutoka mlangoni, na juu ya nguzo hizo palikuwa na maandishi ya dhahabu: BENKI YA KILA MJA. HAKUNA ANAYEBAKI NJE. Alfajiri alikunja boksi lake, akanawa uso kwenye bomba la maua, na mlango ulipofunguliwa akawa wa kwanza kwenye foleni.

Alipokelewa na Bwana Telesfori, Afisa Ujumuishi. Kazi ya afisa huyo ilikuwa kuhakikisha kwamba hata mnyonge wa mwisho anaingizwa kwenye huduma za fedha. Alikuwa na tuzo mbili ukutani za kazi hiyo.

"Karibu mama yangu, jisikie nyumbani," alisema, akavuta fomu. Jina likapita. Kitambulisho kikapita. Kipengele cha sita kilitaka picha. Bi Mwavita alikuwa na ile moja tu, yeye na Chubwa wamesimama mbele ya mlango wa mninga siku ulipopakwa vanishi. Bwana Telesfori aliitazama kwa heshima, akachukua mkasi, akaikata katikati.

"Fomu ni ya mtu mmoja," alieleza kwa upole, akamrudishia nusu yenye Chubwa. Nusu nyingine akaibandika kwa gundi, akaigonga muhuri usoni. "Sasa kipengele cha saba. Unaishi wapi?"

"Niliishi Mikoroshini."

Bwana Telesfori akapitisha kidole kwenye ramani. "Mikoroshini hapa ni maegesho."

"Ndipo hapo hapo. Ile gari nyeupe unayoiona dirishani imesimama jikoni kwangu."

Afisa akainuka, akachungulia. "Ile ni ya meneja."

"Basi meneja yuko jikoni kwangu," alisema Bi Mwavita, wala hakusema kwa ubaya.

"Mama, fidia hii unayoisubiri ni ya kitu gani?"

"Ya nyumba iliyovunjwa."

"Vizuri. Benki inahitaji uthibitisho wa nyumba unayokaa, kisha fidia ya nyumba usiyokaa itaingia bila shida."

"Mwanangu, ningekuwa na nyumba ninayokaa, si ningekuwa nimekwisha kumchukua mume wangu hospitali?"

Bwana Telesfori alifikiri. "Hilo ni swali zito," alisema. "Nitalipeleka kwenye kamati. Kwa sasa niletee barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa wako. Subira huvuta heri."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi Bi Mwavita, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumtukana ukapumua.

* * *

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Bwana Makwaya, naye hakuwa mbali: alikuwa kwenye boksi la sabuni, chini ya nguzo ya tano. Katapila lilipokula Mikoroshini lilikula na ofisi ya mtaa. Wilaya ikamnyang'anya muhuri, maana mtaa usiokuwapo hauwezi kugonga. Lakini Bwana Makwaya alikuwa ameongoza kwa miaka kumi na tisa, na uongozi ulikwisha kumwingia kwenye mifupa. Hata pale kibarazani aliamka mapema, akavaa shati lake pekee lenye kola, akapita boksi hadi boksi kuuliza hali za wananchi.

Bi Mwavita alipomweleza habari ya barua, mzee alianza kuhesabu vifungu kwa vidole. Aliijua sheria kwa moyo. "Mtaa siwezi kuurudisha," alisema. "Lakini shina ni nyumba kumi na balozi wake. Sheria inataja nyumba kumi. Haisemi ziwe za nini."

Wakahesabu maboksi. Yalikuwa tisa.

Siku hiyo Bi Mwavita alikwenda sokoni, akapiga magoti kwa muuza majokofu, akarudi kichwani amebeba boksi refu la jokofu. Aliliweka kando ya lake, akalifagia ndani. "Hii ni ya Chubwa," aliwaambia. "Yule ni mrefu. Mwenye nyumba yuko safarini, lakini nyumba ipo." Hakuna aliyecheka.

Jumapili, benki ikiwa imefungwa, wakafanya uchaguzi wa balozi. Bwana Makwaya alipita bila kupingwa, kura tisa, na ya kumi ikapigwa na Bi Mwavita kwa niaba ya mumewe. Muhuri ulichongwa kwenye soli ya kandambili iliyokatika gidamu. Wino ulikuwa rangi ya viatu, kwa hisani ya fundi viatu wa boksi la saba. Kisha balozi akaketi kwenye ngazi, karatasi juu ya goti, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi halali wa Shina Namba Moja, Kibaraza cha Benki ya Kila Mja, nguzo ya tatu kutoka mlangoni, ni mtu mwenye tabia njema na hana deni na jirani yeyote. Akatia saini. Akagonga. Akaangalia, akaona bado kuna kitu kimepungua, akaongeza chini kabisa: *Nakala kwa Mkuu wa Wilaya, kwa taarifa.*

"Hiyo nakala ya nini, mwenyekiti?" aliuliza Bi Mwavita.

Bwana Makwaya alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu huoga. "Barua isiyo na nakala ni porojo, Bi Mwavita. Miaka kumi na tisa sijaandika barua ikaenda peke yake."

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa miguu hadi wilayani, akaipeleka nakala kwa mkono wake mwenyewe, akasainiwa kwenye daftari. Alirudi amejaa furaha. Tangu mtaa uvunjwe hakuwahi kurudi na furaha.

* * *

Bwana Telesfori aliipokea barua, akaunusa muhuri, akakubali kwamba muhuri wa kweli lazima uwe na harufu. Lakini makazi lazima yahakikiwe na afisa kwa macho yake. Akajaza fomu ya safari ya kikazi, akaomba gari, dereva, mafuta na posho ya siku mbili.

"Mwanangu," alisema Bi Mwavita, "ni hapo nje tu. Ukisimama mlangoni unaliona."

"Uhakiki wa kusimama mlangoni haumo kwenye mwongozo, mama."

Kwa kuwa barabara iliyo mbele ya benki ni ya kwenda tu, gari liliondoka likazunguka jiji, likavuka daraja, likasimama kwa ajili ya chakula cha mchana, likatiwa mafuta, na saa kumi likarudi na kusimama mlangoni pa benki. Bi Mwavita alikuwa akimsubiri tangu asubuhi. Alikuwa amefagia mbele ya boksi, amekunjua mkeka, amepanga sufuria zake mbili kubwa na ndogo.

Bwana Telesfori akashuka, akajifuta vumbi la safari, akainama akagonga boksi kwa kifundo cha kidole.

"Hodi!"

"Karibu," alisema Bi Mwavita. Mwaka mzima hakuna aliyembishia hodi.

Afisa akachungulia ndani, akaandika: *Makazi yapo. Mwenye nyumba ni msafi. Huduma za benki ziko karibu.* Akamwambia kamati itakaa Alhamisi, na kwa uzoefu wake mambo yamekwisha. Bi Mwavita alitoka pale karibu akimbie. Alikwenda kwa Bi Shani kumwambia kodi inakuja Ijumaa. Alikwenda hospitali, akamnong'oneza Chubwa: "Ijumaa, Baba Sikitu. Ijumaa tunaondoka."

Chubwa alitabasamu kwa nusu ya mdomo. "Usisahau kutia mafuta bawaba," alisema. "Huwa zinalia."

* * *

Nakala ile nayo haikukaa bure. Wilayani iliamsha msisimko, maana walikuwa wamekaa miezi bila kugundua makazi holela yoyote, na sasa makazi yenyewe yameandika barua. Jumatano asubuhi vijana wa ndoo nyekundu walifika kibarazani, wakapiga X kwenye maboksi kumi, na la Chubwa likapata X kubwa zaidi kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Nyuma yao likaja katapila, na nyuma ya katapila, kwenye gari lenye bendera, Mheshimiwa Waziri wa Makao na Ustawi.

Bwana Makwaya alidhani wamekuja kulizindua shina. Alivaa shati la kola, akatoka na daftari la wageni, akasema kwa sauti ya siku zile, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Waziri, ambaye hajapata kukataa daftari la wageni maishani mwake, akatia saini. Kisha akapanda ngazi ya benki akahutubia.

"Ndugu wananchi! Nchi hii haina watu wasio na makao. Ina watu ambao makao yao bado hayajawafikia! Na serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kimya kuona makao ya ovyo yanawahi kufika kabla ya yale ya mpango. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekwenda mbele ya wahenga. Ukuta tunauvunja, ili ufa ukose pa kukaa!"

Makofi yakapigwa na waliokuja nayo. Waziri akaongeza kwamba serikali haimwonei mtu, kila mwenye boksi atalipwa fidia yake yote. Kupitia benki.

Katapila likapanda kibaraza, likavunja ngazi mbili za benki, likayapitia maboksi. Maboksi ni vitu vyepesi. Likipita yanalala, likiondoka yanainuka kidogo, kwa hiyo ikabidi kurudia mara tatu. Boksi la jokofu lilikuwa la mwisho kulala.

Bwana Makwaya alisimama na daftari lake kifuani. "Ni nakala," alimwambia Bi Mwavita. "Ni ile nakala yangu."

Bi Mwavita alimshika mkono mzee mwenzake, wakatazama pamoja, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na mtu aliyeamini sheria maisha yake yote alikuwa analia hadharani, na hilo lilitosha kuwa adhabu ya watu wawili.

Alhamisi kamati ilikaa. Ilisikitika sana. Iliandika katika kumbukumbu zake kwamba ombi lilikuwa zuri, tena la mfano, ila makazi ya mwombaji yamekoma kuwapo siku moja kabla ya kikao, na asiyekuwapo na lake halipo.

* * *

Ijumaa alikwenda hospitali bila cha kusema. Njia nzima alikuwa akitunga uongo, na uongo wote ulikuwa mfupi. Alikuta kitanda kimetandikwa.

Muuguzi, binti mpole mwenye macho ya usingizi, alimkalisha kwenye benchi. Alimwambia mzee aliondoka jana wakati wa uji. Kile kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani. Hakuteseka sana.

"Alisema kitu?"

"Aliuliza kama mlango umefungwa."

"Ukamjibu nini?"

Binti akatazama sakafu. "Nilimwambia sijui, mama. Mimi sikujua ni mlango gani."

Bi Mwavita alilia pale pale, kwa ile sauti yake ya kuita wateja, mpaka wodi ya pili watu wakainuka vitandani. Muuguzi hakumnyamazisha.

Karani wa wodi alimtoa Chubwa dakika ile ile. Hakuuliza nyumbani wapi. Kwa maiti sheria haina pingamizi, maana wanapokwenda panajulikana.

* * *

Makaburi ya jiji ndiyo mahali ambapo serikali ya nchi ile imefanya kazi kweli, na haki ya mtu isipotee, tuiseme. Yamepimwa yote. Yana barabara zilizonyooka, zenye majina, zenye vibao. Kila kaburi lina namba, na bomba la maji haliko mbali. Majirani wa kibarazani walimbeba Chubwa, jiji likamzika bure, na msimamizi akamkabidhi mjane kadi ngumu yenye nembo ya taifa. Iliandikwa: *Chubwa Mwinyikondo na familia. Barabara ya Ukarimu, Kitalu C, Namba 412. Muda: wa kudumu.*

Bi Mwavita aliifunga kadi kwenye pindo pamoja na ufunguo.

Wiki moja baadaye alirudi benki. Hakufuata akaunti. Chumba cha Bi Shani kilikwisha kupata mtu, na hata kisingepata, cha nani tena? Alifuata nusu ya picha. Alitaka kuiunganisha na ile nyingine, amrudishe Chubwa pale alipokuwa, ubavuni mwake, mlango ukiwa nyuma yao.

"Pole sana, mama, kwa msiba," alisema Bwana Telesfori, na alimaanisha. "Lakini picha imegongwa muhuri. Ni mali ya benki sasa."

Bi Mwavita akafungua pindo atafute kitambaa cha kufutia macho. Kadi ikaanguka mezani. Afisa akaiokota ili amrudishie, jicho likapita juu yake, likarudi, likakaa.

"Mama!" alisema, na sauti ikapanda. "Mbona hukuniambia una hii? Barabara ipo. Kitalu kipo. Namba ipo. *Na familia*, yaani na wewe umo! Na muda ni wa kudumu! Unajua ni wateja wangapi wa benki hii wana makazi ya kudumu? Meneja mwenyewe amepanga!"

Akawaita wenzake waje waone. Walikuja, wakaipitisha kadi mkono kwa mkono, wakapiga makofi. Kipengele cha saba kikajazwa kwa wino mweusi. Mtu mmoja alimpa Bi Mwavita kikombe cha chai. Aliishika bila kuinywa, akiwatazama watu hawa wanaofurahi kwa dhati kabisa, akawahurumia. Kisha akajihurumia mwenyewe, kwa sababu alijua hatakataa. Hawa ndio watu aliopewa.

Palibaki uhakiki tu. Mteja sharti akutwe nyumbani, tena bila kuarifiwa siku.

* * *

Kwa hiyo kila asubuhi Bi Mwavita alikwenda Kitalu C, akakaa nyumbani. Alifagia. Alimwagilia. Alimweleza Chubwa habari zote alizomficha, kidogo kidogo: rangi nyekundu, katapila, mlango, boksi la jokofu lililokuwa lake bila yeye kulijua. Ilimchukua siku nane. Siku ya tisa hakuwa na cha kuficha tena, na gari la benki likaingia Barabara ya Ukarimu polepole, dereva akisoma vibao.

Bwana Telesfori alishuka, akajifuta vumbi. Alitazama kulia na kushoto atafute pa kugonga. Hapakuwa na mahali. Lakini mwongozo ni mwongozo, basi akasimama miguuni pa kaburi, akakohoa.

"Hodi."

"Karibu," alisema Bi Mwavita.

Afisa akaandika: *Mteja amekutwa nyumbani.* Kalamu ilisita. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, Bwana Telesfori alionekana mtu aliyesoma alichoandika. Aliondoa kofia.

"Fedha zitaingia Jumatatu, mama," alisema mwishowe.

"Za nyumba?"

"Za nyumba."

"Ahsante, mwanangu."

Gari liliondoka. Bi Mwavita aliifikiria Jumatatu, akaizunguka pande zote, hakuona ndani yake kitu cha kununua. Alifungua pindo la kanga akautoa ufunguo. Alichimba kwa vidole upande wa kichwani, udongo ulikuwa bado laini, akauzika mpaka ukafunikwa, akaushindilia kwa kiganja.

"Nimefunga, Baba Sikitu," alisema. "Lala."